Picha Zilikuja Baada ya Muhuri

Siku yangu ya kwanza kwenye jopo la kusoma miswada nilivaa viatu vipya na sketi niliyoipiga pasi mara mbili, nikidhani ninakwenda ofisini. Nilichokuta ni chumba cha mabati upande wa Makadara, Nairobi, si mbali na mahakama, ambacho hapo awali kilikuwa ghala la madawati mabovu. Ndani mlikuwa na meza moja ndefu, ubao mweusi, viti visivyofanana na birika la chai lililokwisha kubonyea. Katibu wa Jopo, mzee mkavu aliyeanza kufundisha enzi za mkoloni, alinisukumia bunda la karatasi zilizopigwa taipu. Mahali pa jina la mwandishi palikuwa na tundu la mstatili, limekatwa kwa wembe.

"Mwandishi ni nani, mzee?" nikamuuliza.

"Hilo huulizi. Ukimjua utamhurumia, au utamwonea. Na hapa hatusomi kwa kustarehe, Mwalimu. Soma ukitafuta ni nani anayeumizwa humo ndani."

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini. Mimi, Ndunge, binti wa mchonga vinyago kutoka Ukambani, nilikuwa nimefundisha darasa la tatu katika shule moja kando ya Jogoo Road mpaka chaki ikaniingia kifuani. Nilipopewa kazi ya kusoma nilimshukuru Mungu kwamba nimepata kazi nyepesi. Wepesi wenyewe sikuuona. Vijana wanaofanya kazi hii leo wanakuja kunitembelea hapa Tassia, kwa mwanangu, na huniuliza kwa nini kanuni moja kwenye mwongozo wao imeandikwa kwa ukali kuliko nyingine zote. Nawaeleza ilikotoka.

Mswada ni kitabu kabla hakijawa kitabu. Kila mswada uliotaka kuingia katika shule za serikali ulisomwa na wasomaji watatu, kila mmoja na nakala yake, na ilikuwa marufuku kuuzungumzia mpaka siku ya kikao. Marufuku hiyo ilitutesa kweli sisi tuliokaa mtaa wa Jericho, ambako jirani akikohoa wewe ndiye unayesema pole. Siku ya kikao tulisoma maoni yetu kwa sauti, tukabishana, na mswada ukipita unapewa ithibati, yaani kibali cha kutumika shuleni, pamoja na muhuri wa zambarau. Bila muhuri ule mwalimu mkuu hakuruhusiwa kununua hata nakala moja.

Kazi kubwa ilikuwa ile tuliyoiita mizani ya majina. Katibu alichora mstari katikati ya ubao; kushoto tuliandika jina la kila mhusika na kulia tuliandika alichofanya. Fulani ameiba. Fulani ni daktari. Fulani amelewa, fulani anaendesha ndege. Kwetu Kenya ukishataja jina la mtu umeshataja na kwao, na katika shule za Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, mtoto wa Mkikuyu, wa Mkamba, wa Mluo na wa Mluhya walibanana kwenye dawati moja wakisoma kitabu kimoja. Ikiwa mwizi wa kila hadithi ana jina la upande mmoja, mtoto mmoja katika dawati lile ataamka amepewa kazi ambayo hakuiomba.

Nakumbuka kitabu cha hesabu ambamo kila muuza maziwa aliyetia maji alikuwa Kamau. Tulikirudisha. Mwandishi akatujibu kwa hasira kwamba yeye mwenyewe ni Kamau, hivyo hakuna ubaguzi. Katibu akamwambia mtu ana ruhusa ya kujitukana nyumbani kwake, si mbele ya watoto wa watu. Tulikuwa pia na vita vyetu kuhusu akina mama. Mama wa vitabuni hakutoka jikoni, ilhali mama zao watoto wale walikuwa sokoni Gikomba tangu alfajiri wakipigania marobota ya mitumba na wenye mikokoteni wakiwapigia kelele wapishe njia.

Sasa niseme jambo ambalo vijana hawaamini. Miswada ilikuja bila picha. Pale ambapo picha ingekaa, mwandishi alichora kisanduku na kuandika ndani yake: "Picha: mama ananunua sukumawiki." Basi. Wachapishaji hawakutaka kumlipa mchoraji kwa kitabu ambacho huenda kikakataliwa, kwa hiyo tulipiga muhuri maneno, na picha zikachorwa baadaye, huko huko kwao. Hakuna aliyeona kasoro. Sote tulikuwa walimu, na mwalimu huamini kwamba matusi hukaa kwenye maneno.

Mtu aliyekuwa hodari kuliko sote kwenye mizani alikuwa Mwalimu Odero. Alifundisha darasa la nne katika shule ya upande wa Kaloleni na alikuja kwenye jopo kama msomaji wa nje siku za Jumamosi. Alikuwa jirani yangu pia. Mlango wake na wangu ilitazamana. Alikuwa mtu wa kimo kirefu na kicheko kikubwa, na alipocheka uliona pengo la meno ya chini, yaliyong'olewa alipokuwa mvulana kama ilivyokuwa desturi ya kwao, Waluo wa kandokando ya ziwa. Kwetu sisi halikuwa jambo geni. Baba yangu mzazi alichongwa meno ya mbele yakawa na ncha, naye aliyaona kuwa urembo. Watoto wa Mwalimu Odero darasani walimpenda hadi wakamwiga anavyotembea. Mzazi aliyetaka mtoto wake asome alizunguka akiomba apelekwe kwa Odero.

Odero alikuwa na pua ya ajabu. Alinusa ubaguzi pale sisi wengine tulipoona hadithi nzuri tu. "Mama Kyalo," angeniambia, maana Kyalo ni kifungua mimba wangu, "huyu mwandishi amempa kila mtu shamba isipokuwa mtu wa pwani. Mtu wa pwani amempa usingizi."

Halafu mfumo wa elimu ukabadilishwa, tukaingia ule wa miaka minane ya shule ya msingi. Vitabu vyote vya zamani vikaonekana havifai, na vipya vikatakiwa jana. Katibu wetu mkavu akastaafishwa. Tukaletewa Mkaguzi Mkuu, kijana wa suti aliyetuita "wazee wangu" huku akitazama saa. Miswada ilirundikana hadi tukawa tunaikalia. Tuliposema tunahitaji muda alijibu, "Januari madarasa yanafunguliwa. Mnataka watoto wasome hewa?"

Katika rundo hilo kulikuwa na kitabu cha Kiswahili cha darasa la nne, na ndani yake hadithi ya mtu aliyeiba baiskeli sokoni. Wasomaji walikuwa mimi, Mwalimu Odero na mwalimu mmoja wa Bahati. Mwandishi alikuwa amempa mwizi jina la Kimeru. Kwenye kikao Odero akasimama, akalifuta ubaoni kwa kiganja.

"Tusimhamishe mwizi kutoka Meru tukampeleka Kisii," alisema. "Asiwe na jina. Aitwe Mwizi tu. Mwizi hana kabila."

Tulikubaliana naye kwa kauli moja. Ndani ya kisanduku cha picha mlikuwa na maneno haya: "Picha: Mwizi ameshikwa, amefungua mdomo wazi akiomba msamaha." Nani angepinga hayo? Kitabu kikapigwa muhuri, na saini ya Odero ilikuwa ya pili.

Vitabu vikaja shuleni vikinukia wino mpya. Mwalimu Odero alivigawa darasani mwake mwenyewe, kitabu kimoja kwa watoto wanne, akafurahi kuona kazi yake imekuwa kitu cha kushikwa. Siku walipofika kwenye hadithi ya baiskeli aliwaambia wafungue ukurasa, akaanza kuwasomea kwa sauti. Yaliyotokea alinieleza mwenyewe jioni hiyo, amesimama mlangoni mwangu, hataki kuketi.

Alisema darasa lilinyamaza kwanza. Alidhani wameipenda hadithi. Kisha akaona macho yanashuka kwenye kitabu na kupanda usoni kwake, yanashuka tena, yanapanda. Mvulana mmoja wa nyuma akamchoma mwenziwe kiwiko.

"Cheki, maze! Si huyu ni Mwalimu?"

"Wacha! Mdomo ni ule ule, aki!"

Darasa zima likaangua kicheko. Odero akakichukua kitabu na kukitazama. Mwizi alikuwa amepiga magoti, mrefu, na mdomo wake wazi ulikuwa na pengo chini, meno sita hayapo, limechorwa kwa uangalifu mkubwa.

"Uliwachapa?" nikamuuliza, maana siku hizo kiboko kilikuwa karibu.

"Niwachape kwa nini, Mama Kyalo? Wameona kweli. Ningekuwa mtoto ningecheka."

Nilikitazama kitabu hicho mezani kwangu mpaka chai ikapoa. Nilimfikiria baba, nikafikiria mchoraji angeamua kumpa mwizi meno yenye ncha. Nilisikia hasira, na hasira yenyewe sikujua niipeleke kwa nani.

Kesho yake tulikwenda wote wawili kwa Mkaguzi Mkuu. Odero alitaka kitu kimoja tu: kitabu kiondolewe mashuleni mpaka picha ibadilishwe. Hakutaka fidia, hakutaka kuombwa radhi. Alitaka kurudi mbele ya darasa lake akiwa mwalimu.

Mkaguzi Mkuu alifungua jalada. "Msomaji wa pili aliyekipitisha ni nani?"

"Ni mimi," Odero akajibu.

"Basi unashtaki kazi yako mwenyewe, mzee wangu."

"Nilipitisha maneno. Picha hii sikuonyeshwa."

"Kuna kanuni yoyote inayosema uonyeshwe?"

Hapakuwa nayo. Mkaguzi Mkuu aliendelea kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi. Alisema kitabu kimeshafika nchi nzima, kukirudisha ni kuwaacha watoto mikono mitupu, na hata hivyo mwizi hana jina, hana kabila, kama sisi wenyewe tulivyotaka. "Anayemwona Mluo hapa," alisema, "amemleta yeye."

Nilijibu mimi, na maneno niliyoyatumia sitayaandika hapa kwa sababu wajukuu wangu wanajua kusoma.

Mchoraji aliitwa. Nilikuwa nimejitayarisha kumchukia, nikakuta kijana mpole mwenye wino kwenye kucha. Alisema hakuwa na nia mbaya na mtu yeyote. Aliambiwa achore mtu aliyefungua mdomo, na mdomo ni kitu kigumu kuchora. Akamwomba bawabu wa jengo lao amkalie kidogo, akamchora alivyo, na pengo lake la meno. Bawabu alifurahi sana kuchorwa. Nilitamani kijana yule awe mwovu. Mwovu unaweza kumfukuza kazi.

Mwishowe ofisi ikatoa amri iliyoonekana kuwa ya busara: kila mwalimu abandike karatasi nyeupe juu ya picha ile. Walimu wa Eastlands tulipika gundi ya unga wa ngano, tukabandika shule baada ya shule, na mimi mwenyewe nilibandika Kaloleni, kwenye darasa la Odero, yeye akiwa uwanjani. Sijawahi kufanya kazi ya kipumbavu kama ile. Mtoto ambaye hata hakuwa ameutazama ukurasa ule sasa aliona kuna kitu kimefichwa. Wakabandua kwa mate na kucha. Watoto wa madarasa mengine wakaomba kuazima kitabu. Kufikia muhula wa pili hakukuwa na picha maarufu kama ile kutoka Makongeni hadi Mbotela.

Wakampa Odero jina: Baiskeli. Hilo lilikuwa jina la akili sana, kwa kuwa hakuna mtu mzima anayeweza kumwadhibu mtoto kwa kutamka neno baiskeli. Odero akipita madukani, sauti inatoka nyuma ya ukuta: "Baiskeli!" Kisha kimya, kisha vicheko. Bintiye Atieno alirudi nyumbani na kitambaa cha sare kimechanika kwa sababu alipigana. Mama Atieno, mkewe, alikuja kwangu akalia mpaka nikalia naye.

"Shemeji yako hacheki tena," aliniambia. "Hata redio ikisema jambo la kuchekesha, anainuka anatoka."

Shuleni alianza kufundisha akiwa ameugeukia ubao. Aliandika, akasema maneno yake kwa ubao, watoto wakayasikia nusu. Alama za darasa lake zikashuka. Mwalimu mkuu akamwita, naye akasema koo linamuuma. Wazazi waliokuwa wakiomba watoto wao wapelekwe kwake sasa waliomba watolewe. Hawakuwa watu wabaya. Walisema tu kwamba mwalimu yule amekuwa mtu wa ajabu.

Kwenye jopo hakurudi. Nilimfuata nyumbani, nikamsihi arudi tuandike kanuni mpya pamoja. Alinisikiliza, akaniambia, "Mama Kyalo, ninyi andikeni. Mimi nimeshapita kwenye mizani, nikaonekana nimepungua." Baadaye akaomba kustaafu kabla ya wakati, wakafunga virago, na mlango uliotazamana na wangu ukapata mpangaji mwingine.

Mimi nilibaki na ukaidi wangu. Nilikataa kutia saini mswada wowote usiokuwa na picha. Ulipokuja mswada wenye visanduku niliurudisha na maneno mawili: "Nionyesheni uso." Mkaguzi Mkuu alinionya, akanionya tena, kisha akanihamishia stoo ya vitabu, nikahesabu maboksi na kuua mende. Wenzangu waliniambia nijishushe. Niliwajibu kwamba nimeshashushwa na ofisi, inatosha.

Mkaguzi Mkuu alipopandishwa cheo, maana watu wa aina ile hupandishwa, akaja mwanamke aliyewahi kufundisha vijijini. Huyu aliniita kutoka stoo siku ya pili.

"Nimeambiwa wewe ni mkorofi," alisema.

"Ni kweli, mama."

"Ukorofi wako unahusu nini?"

Nikamwekea kitabu mezani, nikaibandua karatasi mbele yake. Alitazama kwa muda, akauliza picha hii ilipitishwa na nani. Nilimwambia haikupitishwa na mtu. Hapo ndipo alipochukua kalamu, tukaanza kuandika. Picha isiyoonekana na wasomaji haipati ithibati. Picha iliyobadilishwa baada ya muhuri inafuta muhuri. Msomaji ataje sura, mavazi, makovu, masikio, meno na mahali alipowekwa kila mtu aliyechorwa, aseme nani amesimama na nani amepiga magoti. Hiyo ndiyo kanuni kali ambayo vijana wananiuliza habari zake. Neno "meno" nililitia mimi.

Kile kitabu, hata hivyo, hakikuondolewa. Kanuni mpya haikurudi nyuma kukikamata. Kiliendelea kutumika mpaka majalada yakatoka na kurasa zikafungiwa maandazi.

Nilistaafu nikapewa saa ya ukutani na hotuba. Tangu hapo nimefikiria sana kuhusu kazi ile, na sijapata faraja kubwa ya kuwapa vijana. Tulizuia maovu mengi, hilo nalijua, ila uovu uliozuiwa hauna wa kukushukuru, maana hakuna aliyeuona. Ule uliopita ndio wenye jina na nyumba. Ukipewa mswada, usiridhike kwamba hakuna kabila lililotajwa. Fikiria mtoto amekifungua kitabu, kisha ameinua macho kumtazama aliye mbele yake.

Nilipostaafu nilisafiri kwenda kumwona Mwalimu Odero kwao. Nilitaka asikie kutoka kinywani mwangu kwamba kanuni imeandikwa. Nilimkuta amezeeka vizuri, ana ng'ombe na mihogo, na Mama Atieno akanikumbatia mpaka kilemba kikanivuka. Nilimweleza Odero yote. Alitikisa kichwa, akasema, "Mmefanya vyema." Kisha akauliza, "Na kile kitabu, walikiondoa?"

"Hapana, Mwalimu. Kilichakaa tu."

Mchana walikuja wazee wenzake kula nasi, maana mgeni wa Nairobi ni wa boma zima. Walikuwa watu wa rika lake, na kila mmoja alikuwa na pengo lile lile la meno ya chini. Mmoja wao akasimulia kisa cha mchungaji na nyuki. Wakacheka wote midomo wazi, bila haya, wengine hadi machozi. Odero naye alicheka. Alicheka ameinamisha uso, kiganja kimeziba mdomo, kati ya watu ambao vinywa vyao vilikuwa sawasawa na chake.